Karani Aliyekuja na Kikombe Chake

Kila jioni, akishashuka kwenye feri na kubadili nguo za kazini, Bwana Karani alikuja barazani kwangu na kikombe chake mwenyewe cha kahawa. Alitoka nacho nyumbani kwake, nyumba ya tatu kutoka dukani, amekifunika kwa kisahani ili vumbi lisiingie, akitembea polepole asimwage. Akifika aliketi pembeni kabisa mwa baraza, akafunua, akanywa. Birika langu la kahawa lilikuwa palepale juu ya makaa, na wateja wote wakinywa, lakini yeye hakupata kuonja hata tone. Nilimkaribisha mara ya kwanza, nikamkaribisha mara ya pili, na mara ya tatu nikakasirika, nikamuuliza kama kahawa yangu ina najisi. Akanijibu kwa upole kwamba mimi ni mfanyabiashara na yeye ni mtu wa forodha, na mtu wa forodha akianza na kikombe cha kahawa hajui atakomea wapi.

Duka lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Likoni, kando ya njia iteremkayo ferini. Mzigo wangu mkubwa kuliko yote ulivuka maji juu ya kichwa cha mchukuzi mmoja. Nani angemhonga karani wa forodha kwa ajili ya duka la kuuza chumvi na mafuta ya taa ya chupa? Lakini yeye hakuwa na sheria mbili, moja ya matajiri wa bandarini na nyingine ya jirani. Nilimcheka kwa hilo miaka mingi. Sasa namheshimu kwa hilo, ingawa kucheka bado nacheka.

Kwao hasa sikujua, na hakuwa mtu wa kuulizwa. Likoni nzima ilimwita Bwana Karani, hata mkewe. Alivaa shati jeupe la mikono mirefu na kofia ya vito iliyodariziwa kwa mkono, akashika mwavuli masika na kiangazi. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa na rangi ya zambarau ya wino wa mihuri, rangi ambayo haikumtoka hata siku ya Idi. Tukipeana mikono siku hiyo nilikuwa najitazama kiganja nisije nikawa nimegongwa muhuri.

Kichwani mwake mlikuwa na kitabu kizima cha ushuru. Hakuweza kukiona kitu bila kukumbuka kinatozwa kiasi gani kikipita bandarini. Kwa macho yake vikombe vya udongo, vikombe vya bati lililopakwa rangi na bilauri ni watu wa koo tatu tofauti. Siku moja tulialikwa arusini, na mwenzetu mmoja akaja amevaa champali mpya za mpira kutoka Japani, za kwanza kuonekana upande wetu. Pilau ikaletwa, watu wakaosha mikono, naye Bwana Karani akaanza kutueleza jinsi walivyobishana ofisini wiki nzima: je, champali zitozwe kama viatu, au zitozwe kama mpira? Alieleza hoja za upande huu na hoja za upande ule, na alipoinama kuchukua tonge la kwanza akakuta sinia imebaki mifupa. Mwenye champali ndiye aliyekula sana.

Lakini mtu huyohuyo aliyejua kila bei ya serikali hakujua kabisa kubishana bei dukani. Ukimtajia bei, analipa. Wateja wengine niliwatajia bei ya juu ili tushuke pamoja taratibu, kama watu waungwana. Yeye nilimtajia bei ya kweli tangu mwanzo, kwa aibu tu.

Niliwahi kumuuliza kwa nini ushuru hautulii. Akaweka kikombe chini.

"Serikali yataka mambo mawili, mwanangu. Yataka mfuko wake ujae, na yataka viwanda vya bara visiuawe na mali ya Japani. Mwaka huu mfuko washinda, mwaka ujao kiwanda chashinda."

"Na sisi je?"

"Nyinyi ndio mlipao, ashinde yeyote."

Lazima nieleze mambo hayo yalivyotutesa, maana bila hivyo Bwana Karani haeleweki. Karibu kila kitu dukani kwangu kilikuwa kimepita baharini: bafta nyeupe ya kanzu, kaniki, betri za tochi, chemni za taa, vikombe, tende. Mara moja kwa mwaka, masika yakikaribia kwisha, waziri wa fedha alisoma bajeti kule Nairobi, na tangu saa ileile kitambaa kikapanda au kikashuka. Miaka mingine hawakungoja hata bajeti. Meli ilitoka Japani na ushuru mmoja, ikafika Kilindini ikakuta mwingine.

Tajiri wangu wa jumla kule mjini, Mhindi mmoja mpole mwenye miwani, alikuwa haniuzii kitu wiki mbili kabla ya bajeti. Mali imekwisha, aliniambia, na nyuma yake nayaona maboksi yamegusa dari. Hakuwa mwongo kwa tabia. Aliogopa tu kuuza leo kitu ambacho wiki ijayo atakinunua kwa bei kubwa kuliko aliyouzia. Nami nikirudi Likoni nilifanya hayohayo, nikaficha nusu ya kaniki nyuma ya magunia, nikawatazama wateja usoni na kuwaambia mali imekwisha. Wanawake waliniuliza bei asubuhi na wakarudi kuniuliza tena jioni, nami niliwajibu tu kwamba bei ya leo ni ya leo.

Fundi wa cherehani aliyekaa mkabala nami alikuwa na dawa yake. Ushuru wa bafta ulipopanda hakupandisha bei ya kanzu, maana wateja wangemkimbia. Akaipunguza kanzu. Idi ile wanaume wa Likoni walitoka msikitini vifundo vya miguu viko nje, na wengine nusu ya muundi. Walipomlalamikia, Fundi aliwaambia kwamba kanzu fupi ndiyo sunna, na hakuna aliyethubutu kubisha mbele ya msikiti. Mwaka uliofuata bafta ilishuka. Kanzu hazikurefuka, sunna ikaendelea.

Kwa hiyo mtu anayefanya kazi ndani ya forodha yenyewe, ambaye tuliamini barua za Nairobi zinapita mezani pake, hakuweza kuwa jirani wa kawaida. Bajeti ikikaribia, feri ya jioni ikigusa upande wetu, ungewakuta watu wamesimama juu ya njia: Fundi, wenye maduka wenzangu, wanawake wauzao vitambaa nyumba kwa nyumba. Yeye alikuwa wa mwisho kushuka. Aliufungua mwavuli hata kama mvua haipo, akapanda mwinuko bila haraka. Hawakumuuliza moja kwa moja, maana adabu ilikuwapo. Walimwamkia, wakamuuliza hali ya kazi, hali ya nyumbani, hali ya mguu wake uliokuwa ukimsumbua, na mwishoni, kama neno lililowapitia tu, wakasema: "Na bafta, Bwana Karani, inshallah salama?"

Jibu lake lilikuwa moja miaka yote.

"Mungu ndiye ajuaye."

Nani angebisha? Lakini mara nyingine kabla ya kujibu alikohoa kidogo, na mara nyingine hakukohoa. Tukagundua, au tulidhani tumegundua, kwamba akikohoa bei itapanda. Fundi akawa bingwa wa elimu hiyo. Alitufundisha kwamba kikohozi kikavu ni cha ushuru, na chenye makohozi ni cha mafua, tusikitegemee.

Halafu mwaka mmoja, siku chache kabla ya bajeti, Bwana Karani akanunua kwangu madebe mawili ya mafuta ya taa, yeye ambaye kwa kawaida hununua chupa mbili. Wiki ileile ushuru wa mafuta ukapanda. Baadaye sana nilisikia alikuwa na wageni wa hitima na taa zilikuwa zikiwaka vyumba vyote. Wakati ule hakuna aliyetaka kusikia habari za hitima. Tangu hapo watu waliacha kusikiliza kikohozi, wakaanza kutazama kikapu chake. Na mimi, kwa kuwa alinunua kwangu, nilikiona kikapu kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilijiona nimepata utajiri uliolala mlangoni.

Masika ya mwaka uliofuata alikuja dukani Jumamosi asubuhi, saa ambayo si yake, mikono mitupu bila kahawa. Akataka vikombe vya chai na visahani vyake, vile vyenye ua la buluu ukingoni. Nikamuuliza anataka vingapi.

"Vyote," akasema.

Nilikuwa na dazeni tano. Alilipa bei niliyotaja, akanitaka nivifunge vizuri kwa karatasi, kisha akainama juu ya meza, akapunguza sauti. "Hili tafadhali likae baina yangu na wewe na Mungu."

Bajeti ilikuwa imebaki siku tisa. Msomaji mwenyewe aniambie angefikiri nini.

Vikombe vikaondoka kwa mkokoteni, vimefunikwa gunia, vikilia njia nzima. Fundi alisimamisha cherehani akavisikiliza mpaka vikaishia.

Mke wangu Mwanaisha alikuwa na bangili mbili za dhahabu alizoachiwa na marehemu mama yake. Hakuwa akizivua hata akifua. Nilimwendea jikoni nikamwambia mpango wangu wote: tuuze bangili kwa sonara mjini, tununue kila kikombe tutakachokipata, bajeti ikipita tuviuze kwa bei mpya, na nitamnunulia bangili nne. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Bwana Karani amekwambia?"

"Hakunambia. Ndiyo maana najua."

Mwanaisha akachukua kipande cha sabuni, akajipaka mkononi, akazisukuma bangili zikatoka moja baada ya nyingine, maana zilikuwa zimeshamkaa. Akazisuuza, akazifuta kwa upindo wa kanga, akanipa. Nalikumbuka lile povu la sabuni kuliko ninavyozikumbuka bangili zenyewe.

Tajiri wangu wa jumla, yule ambaye wiki zile hakuuza kitu, aliniuzia vikombe vya ua la buluu kwa furaha kubwa. Akaniongezea na dazeni moja ya bure. Hilo peke yake lingetosha kumwamsha mtu mwenye akili, lakini mimi nilivuka feri nikijiona mjanja kuliko yeye. Masanduku yakajaa chini ya kitanda, nyuma ya mlango, hata chooni palikuwa na sanduku moja. Habari ilikuwa imekwisha enea, na wanawake wakaja kununua viwili, vitatu, kabla havijawa ghali. Nikapandisha bei mara moja, nikaona bado wananunua, nikapandisha tena. Waziri alikuwa hajafungua kinywa. Ushuru wa kwanza wa vikombe mwaka ule ulitozwa na mimi.

Siku ya bajeti tulikusanyika kwenye mkahawa wa karibu na feri, uliokuwa na redio. Msomaji wa habari akapitia bia na sigara, tukatikisa vichwa kama watu ambao hayawahusu. Akasema vitambaa, Fundi akashika kichwa. Kisha akasema kwamba ushuru wa vyombo vya udongo vya mezani umepunguzwa.

Hakuna aliyenitazama mwanzoni, halafu wote wakanitazama. Nilitoka bila kumaliza chai. Nyumbani nilimkuta Mwanaisha amekaa juu ya sanduku, na usoni kwangu akasoma kila kitu. Kwa siku mbili alinipa chakula changu na hakunipa neno. Baada ya wiki vikombe vilevile vikauzwa mjini kwa bei ya chini kuliko niliyonunulia, na majirani walionunua kwangu kwa bei niliyoibuni mwenyewe wakavirudisha wakitaka pesa zao. Nikawafukuza kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Nilikuwa nimekosea, na mtu aliyekosea hukasirika upesi.

Mwezi ule tukasoma maulidi msikitini kwetu. Baada ya dua, chai ikaletwa kwenye sinia, na mbele yangu pakawekwa kikombe chenye ua la buluu ukingoni. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto: ua la buluu, ua la buluu, msikiti mzima. Mwalimu wa msikiti akasema kwamba kuna ndugu aliyetoa vyombo hivi wakfu, vitumike katika maulidi na matanga, na kwamba hakutaka jina lake litajwe, basi tumwombee. Tukasema amin. Bwana Karani alikuwa ameketi watu watatu kutoka kwangu, macho yake mkekani.

Nikafahamu kila kitu kikombe kikiwa njiani kwenda mdomoni. Mtu alikuwa ameficha sadaka yake, kama dini inavyotaka, nami nikadhani anaficha siri ya serikali. Na kumlaumu nisingeweza, maana kumlaumu ni kuitangaza sadaka yake na kumharibia thawabu. Nilikunywa chai yangu ikanichoma ulimi. Sijapata kuona aibu kama ile, na ubaya wake ni kwamba nilipaswa kuiona kimya.

Siri kama hizo haziwashindi wanawake. Mwanaisha alimwambia mke wa Karani habari za bangili, na mke wa Karani akamwambia mumewe. Jioni moja akaja na kahawa yake, lakini hakuketi.

"Nimesikia umeuza bangili za mkeo kwa sababu yangu," alisema.

"Si kwa sababu yako, Bwana Karani. Kwa sababu yangu mwenyewe."

"Mimi sikukwambia ununue."

"Hukunambia kitu. Hata mwaka wa mafuta ya taa hukunambia kitu."

Akafungua kinywa kama anayetaka kusema jambo. Akakohoa. Akafunga kinywa, akaniaga, akaenda zake. Kikombe chake kilibaki barazani, kimejaa, kisahani kikiwa juu yake. Nilikiosha nikampelekea asubuhi.

Tangu mwaka ule akajiwekea sheria nyingine. Mwezi mzima kabla ya bajeti hakununua kitu dukani, si kwangu wala kwa mwingine, ili mtu asipate cha kusoma. Nyumba yake ilikula mhogo wa shambani, kisamvu na samaki, ikawasha taa ya mafuta ya nazi. Mkewe alikuja kwa Mwanaisha kulalamika kwamba ameolewa na karani akaishia kuishi kama mtawa. Na unadhani ilisaidia? Fundi aliwaeleza watu kwamba Bwana Karani hanunui kwa sababu anajua bei zitaporomoka, kwa hiyo nao wasinunue. Nilikaa mwezi mzima nikiwafukuza nzi. Nilimwendea Bwana Karani nikamsihi anunue walau sabuni, mbele za watu, kwa ajili ya Mungu. Alikataa. Nilirudi nikisonya njia nzima.

Aliyetuokoa ni Mwanaisha. Vile vikombe vya msikiti vilikuwa vya maulidi na matanga, na wazee wa msikiti hawakukubali viende penye ngoma. Arusi za Likoni bila ngoma ni chache. Wenye arusi walikuwa wakiazima vikombe nyumba kumi, kila nyumba na alama yake ya rangi chini, na kesho yake wakagombana kuhusu kilichovunjika ni cha nani. Mwanaisha akatoa masanduku chini ya kitanda, akatia kila kikombe nukta nyekundu kitakoni, akatangaza kwamba vinakodishwa kwa dazeni, na vinakwenda popote, ngoma iwepo isiwepo. Wakati ule watu walikuwa wamechoka kununua. Hujui ukinunua leo kesho kitakuwa nusu bei au mara mbili. Kikombe cha kukodi hakikuwa na bajeti.

Vilitoka Ijumaa vikarudi Jumatatu. Vilikwenda Mtongwe, vilivuka feri vikafika Kisauni. Wiki ya uhuru vilikuwa nje siku zote, havikupata hata kukauka, na kwa ile shangwe watu waliyokuwa nayo nashangaa vilivunjika vichache hivyo. Mwanaisha alikwenda mwenyewe kwa sonara akachagua bangili mbili. Zile za mama yake zilikuwa zimekwisha yeyushwa zamani. Alizivaa hizi mpya akasema ni nyepesi.

Uhuru ulikuwa umepata wiki chache, na Ramadhani ilikuwa inakaribia, nilipomwona Bwana Karani anakuja barazani asubuhi. Alikuwa amestaafu. Wengine walisema vijana wapya wamekalia kiti chake, yeye alisema ametumikia inatosha. Alikuja mikono mitupu. Hakuketi pembeni, aliketi katikati ya baraza palipo na watu siku zote, ingawa saa ile hapakuwa na mtu.

"Nipe kahawa, mwanangu," akasema.

Nilisimama kama niliyeambiwa nimpe duka. Finjani zote zilikuwa chafu, kwa hiyo nikammiminia kwenye kikombe cha chai, kikombe chetu chenye ua la buluu, kikubwa mno kwa kahawa. Akakipokea kwa mikono miwili, akalitazama lile ua, akakiweka juu ya goti bila kunywa.

"Mkeo yupo?"

"Nipo, Bwana Karani," Mwanaisha akaitika nyuma ya pazia la mlango. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwako." Akasita. "Mwaka ule wa vikombe mumeo alidhani mimi najua. Sikuwa najua. Wala mwaka wa mafuta. Wallahi sikupata kujua hata mwaka mmoja. Barua yaja kutoka Nairobi imefungwa kwa lakiri, Mzungu wetu aitia sandukuni, na haifungui mpaka redio ishasema. Mimi nilijua ushuru wa jana na ushuru wa leo. Wa kesho hakuna aliyenambia."

Damu ikanipanda, baada ya miaka yote ile. "Kwa nini basi hukusema? Neno moja tu. Sijui. Tungerudi majumbani kwetu."

Alikizungusha kikombe juu ya goti kwa vile vidole viwili, na niliona ile zambarau imeanza kufifia.

"Umri wangu wote kule kazini hakuna aliyeniuliza hata siku moja, 'Wewe waonaje?'" alisema. "Nikivuka huku, naikuta Likoni nzima imesimama juu ya njia yanisubiri mimi. Siku ile niliyokuja hapa nilitaka kulisema neno hilo. Lilifika hapa." Akagusa koo. "Likanishinda. Na bangili za mama yako zilikuwa zimekwenda. Niwie radhi, Mwanaisha."

Hasira yangu iliondoka, nikabaki nikimhurumia, na nikijihurumia mimi mwenyewe niliyesoma kikohozi cha mtu mpweke kama gazeti.

Pazia likasogea. Nikasikia bangili.

"Nimekuwia radhi zamani, Bwana Karani," Mwanaisha alisema. "Lakini hiyo kahawa ya mume wangu, watu wote wa Likoni waisifu na mimi siiamini. Wewe waionaje?"

Akainua kikombe, akanywa taratibu, akafumba macho kama hakimu. Akanywa tena. Macho yake yalipofumbuka yalikuwa na maji, nami niliamua kwamba ni moto wa kahawa.

"Tangawizi nyingi," akasema.

"Nimemwambia hilo tangu tulipooana," Mwanaisha akajibu, na tukacheka watatu, yeye nyuma ya pazia na sisi barazani.

Alikunywa mpaka mashapo. Alipoinuka kwenda zake aliyaona makanda ya tende niliyoyapanga mlangoni kwa ajili ya mfungo, akataka nimpimie ratili mbili. Nilipokuwa nikipima akasogea karibu na mizani. Aliniuliza hali ya biashara, akaniuliza hali ya mjini, kisha, kama neno lililompitia tu, akasema: "Na hizi tende, serikali hii mpya, inshallah salama?"

Nilitaka kumjibu kwamba sijui, na Mungu ni shahidi kwamba sikujua. Lakini nami nilikuwa nimekunywa ile kahawa, na tangawizi ilikuwa bado imenikaa kooni. Nikakohoa.

"Mungu ndiye ajuaye," nikasema.

Bwana Karani akanitazama usoni kwa makini. Akazitazama tende, akaitazama mizani, akaniambia niongeze, ziwe ratili sita.